Pumziko la Mwajabu

"Mpare hasomi mkataba kwa macho, anausoma kwa meno."

Hivyo ndivyo Mwajabu Shekilindi alivyonitania mbele ya waliwazaji wote, siku ile tulipoitwa kwenye ukumbi wa chakula wa kampuni ya Liwazo. Nilikuwa nimesimama namuuliza Bwana Mbelwa, meneja wetu, maswali ambayo hakuyapenda.

"Mwacheni aulize," Mwajabu akaendelea. "Kwao waliuza ng'ombe wapate kushinda kesi ya kuku."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Msambaa akimtania Mpare, Mpare hana ruhusa ya kununa. Lakini moyoni sikuwa na kicheko. Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, na harufu ya jambo lile sikuipenda.

"Rudia, Bwana Mbelwa," nikasema. "Rudia polepole, maana mimi ni mzito wa kuelewa."

Mbelwa akapangusa jasho. Alikuwa kijana mstaarabu, tena mwenye haya, na ubaya wake ulikuwa huohuo: mtu mwenye haya humwezi, kila ukitaka kumtukana anakuomba radhi kwanza.

"Mama Katibu, simu zinazohitaji mtu hai zimekuwa chache. Vivuli vinatosha. Kwa hiyo kampuni inaweza kuwapunguza, au inaweza kuwapumzisha. Tumeona ni heshima mchague wenyewe."

Kivuli kila mmoja wetu alikuwa nacho. Kazi yetu ilikuwa kuliwaza: mtu akifiwa, akiachwa, akilazwa wodini hana wa kumtembelea, alipiga simu Liwazo na mmoja wetu akapokea. Chini ya sikio tulibandikwa punje ndogo mithili ya dengu. Punje ile ilisikiliza maneno yetu, pumzi zetu, hata pale tuliponyamaza. Kutokana na hayo mashine ikapika sauti inayoongea kama wewe, inayoguna kama wewe, inayoweza kuwaliwaza watu mia kwa wakati mmoja huku wewe unakula ugali wako. Mwanzoni vivuli vilipokea simu tukiwa tumelala. Baadaye vikaanza kupokea tukiwa macho.

"Na kivuli changu?" nikauliza. "Nikipunguzwa kinakwenda wapi?"

"Kinafutwa siku hiyohiyo. Sheria ya Vivuli inasema nafasi ikifa, kivuli kinakufa nayo. Sauti inakuwa yako tena."

"Nikifukuzwa?"

"Kinabaki kwetu. Hata ukiacha kazi mwenyewe, kinabaki."

"Nikipumzishwa?"

"Ukipumzishwa bado wewe ni mfanyakazi wetu, mama. Unakaa nyumbani, unapata posho, bima ya matibabu inaendelea. Na kivuli kinakushikia nafasi mpaka utakapoitwa."

"Nitaitwa lini?"

"Hali ikiruhusu."

"Na isiporuhusu?"

"Basi... unaendelea kupumzika."

Nikawageukia wenzangu. Nilitegemea walipuke. Wapi! Nilikuwa nimesahau naongea na watu gani. Sisi tulikuwa watu wa kulainisha. Kwetu sisi mume wa mtu hakufa, alitutoka. Saratani ilikuwa ule ugonjwa. Mtoto aliyefungwa jela alikuwa mbali kidogo. Miaka na miaka tumekaa tukichagua neno laini kuliko yote na kumwekea mtu mdomoni kama uji, na siku tulipowekewa maneno mbele yetu wenyewe, tukafanya vilevile.

Mzee Kibwana ndiye aliyeanza. Alikuwa mkubwa wetu, sauti yake nzito imewavusha wajane wengi. "Kupunguzwa! Kama majani ya uani? Niende nikamwambie mama watoto kwamba nimepunguzwa? Hapana. Kupumzishwa kuna adabu yake."

"Mama yangu kule Mlalo ana presha," akasema Mwajabu. "Nikimwambia nimepunguzwa, namuua. Nikimwambia nimepumzishwa, ananichinjia kuku."

"Mwajabu," nikasema, "wanataka kukutoa wewe wabaki na sauti yako."

"Mpare wee, kila kitu kwako ni mwizi." Akanishika mkono, akaubana. "Neno zuri halimgharimu mtu. Lichukue."

Mikono ikanyanyuliwa. Wangu ulibaki chini, na ya wengine wawili watatu. Wakapiga makofi, wakambariki Mbelwa, mmoja akalia kwa furaha. Tulitoka pale tumepumzishwa.

*

Kwa muda mambo yalikuwa matamu. Mwajabu alilala mpaka jua kuchomoza, akapanda mchicha, akanipigia simu kunitania. Halafu siku moja tulikwenda soko la Mgandini, hapa Tanga, kununua samaki, na mwanamke mmoja tusiyemjua akasikia Mwajabu akigombana na muuza dagaa. Akaacha kapu lake chini, akaja akamkumbatia.

"Ni wewe! Sauti yako ningeijua popote. Jana ulininyamazia, dada yangu. Wengine wote walikuwa wananiambia Mungu ana mpango, wewe ulininyamazia tu, nikaweza kulia. Ahsante. Mwanangu alikuwa na miaka sita."

Mwajabu hakuwa ameongea na yeyote jana. Jana alikuwa kwangu, tunamenya viazi. Lakini aliinamisha kichwa, akamshika yule mama mabega, akanyamaza naye pale katikati ya harufu ya samaki. Hicho ndicho kilichokuwa kipaji chake. Sisi wengine tulijua kusema. Mwajabu alijua kunyamaza, na alijua unyamaze kiasi gani kabla mtu hajajihisi ameachwa.

Tulipofika kwenye ukuta wa bahari, ule uliojengwa maji yalipopanda na kula mtaa wa Raskazone, akasimama.

"Kimemnyamazia," akasema. "Kile kitu kimejua hata kunyamaza."

Akaenda kuomba kazi hospitalini. Matroni alimtaka sana, akae na wagonjwa wanaoondoka duniani, mtu hai, mwenye mkono wa kushika. Lakini jina lake lilipoingizwa kwenye mtambo wa ajira, mtambo ukakataa: huyu ana mwajiri, yuko kazini. "Niko kazini!" akanipigia kelele kwenye simu. "Nimevaa khanga, nimeshika jembe, eti niko kazini!" Tulicheka siku hiyo.

*

Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua. Nilimkuta amekaa barazani, miguu imevimba, ameifunika kwa khanga nisiione.

"Daktari amesema nini?"

"Amesema tutajitahidi kukufanya ujisikie vizuri." Akanitazama. "Tena amenishika mkono. Nakijwa, hiyo ndiyo sentensi yangu mwenyewe. Liwazo waliponituma hospitalini, mimi ndiye niliyewafundisha madaktari wa pale kuisema."

Waliwazaji wawili tumekaa, hakuna mwenye neno.

Akachukua simu, akapiga Liwazo, akaiweka mezani tusikie wote. Ikapokelewa. "Karibu mpenzi," ikasema sauti ya Mwajabu. "Niko hapa."

Mwajabu mwenyewe akaisogelea. "Naumwa," akasema. "Nafikiri sitapona."

Kivuli hakikujibu haraka. Kikavuta pumzi. Kikanyamaza, nami nikajikuta nasubiri kimya kiishe, kikaisha palepale kilipotakiwa. "Pole sana. Unataka uniambie unachokiogopa, au unataka tukae tu?"

Akakata. Akaisukuma simu mbali.

"Unajua ninachokiogopa?" akaniambia. "Sikiogopi kifo. Mama yangu amezika watoto wanne kabla yangu, kifo nakijua. Naogopa kufa halafu nikabaki nasema. Niwe kaburini na watu wanasikia pumzi yangu. Mama yangu akifiwa na mimi apige simu, aliwazwe na mimi." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Wewe ndiye mwenye meno. Nenda kalifute hilo dude. Nife nikiwa kimya, Nakijwa. Hiyo tu."

*

Mbelwa alinipokea kwa chai. Nilikuwa nimejiandaa kumrushia kikombe.

"Mfanyakazi aliyepumzishwa akifariki," nikamuuliza, "kivuli chake mnakizima?"

"Nafasi inaendelea, mama, mpaka kampuni iifunge."

"Na kampuni itaifunga lini?"

Akaniongezea chai. Kivuli cha Mwajabu ndicho kilichokuwa kinaombwa kuliko vyote kutoka Tanga mpaka Kigoma. Nani afunge kisima chake?

"Basi mpunguze," nikasema. "Yeye peke yake. Leo."

"Siwezi kumpunguza mmoja." Akafungua sheria kwenye kioo cha meza, akanigeuzia. "Nafasi za daraja moja zinapunguzwa zote kwa pamoja au haipunguzwi hata moja. Chama ndicho kilichopigania kifungu hiki, ili tusiwe tunachagua mtu tusiyempenda tukamtoa."

Nilikijua kifungu kile. Tuliandamana kwa ajili yake, tukaimba, nikapoteza kiatu.

"Lakini iko njia," Mbelwa akasema taratibu. "Chama kikiomba wote wapunguzwe, kampuni haina uwezo wa kukataa. Katibu akiweka kidole chake hapa, inatosha. Sheria haiulizi kama amewauliza wenzake."

"Wewe unanifundisha njia ya kuinyang'anya kampuni vivuli? Kwa nini?"

Akageuza shingo pembeni. Chini ya sikio lake palikuwa na punje. "Mameneja tumebandikwa mwezi uliopita," akasema. "Nimepewa habari kwamba nitapumzishwa."

Nilikunywa chai yake. Ningefanya nini kingine.

*

Niliwaita wenzangu nyumbani kwa Mzee Kibwana. Nikawaeleza bila kulainisha hata neno moja: tukikubali kupunguzwa, vivuli vyote vinafutwa, Mwajabu anakufa kwa amani, na sisi tunapata sauti zetu. Tunachopoteza ni posho, bima, na ndoto ya kuitwa.

Walinisikiliza vizuri. Hakuna watu wanaojua kusikiliza kama wale.

"Dada Nakijwa," mmoja akasema, "tunaona mzigo ulioubeba."

"Ni haki yako kujisikia hivyo," akasema mwingine.

"Tuko pamoja na wewe," akasema wa tatu.

"Msiniliwaze!" nikapiga kelele. "Mimi siyo mteja! Semeni ndiyo au hapana!"

Mzee Kibwana akasimama kwa shida, akanishika kiwiko, akanipeleka chumba cha ndani. Alikuwamo mjukuu wake wa kike, amelala, bomba limeingia mkononi, na kando yake mashine ndogo ya figo inanguruma. Mtoto akafungua macho, akaniamkia. Nikaitikia marahaba.

"Ile inalipwa na bima ya Liwazo," mzee akasema tulipotoka. Sauti yake nzito ilikuwa imekatika vipande. "Nampenda Mwajabu. Amenizikia mke wangu wa kwanza, siku tatu hakuondoka pale msibani. Lakini nikikubali, mtoto huyu namzika mwezi ujao. Niambie wewe, mwanangu. Wewe mwenye meno, niambie nifanyeje."

Nilirudi Liwazo peke yangu, nikasimama mbele ya kioo kile cha Mbelwa. Alama ya kidole ilikuwa inawaka kijani, inanisubiri. Sheria haikuuliza kama nimewauliza wenzangu. Lakini mimi nilikuwa nimewauliza, na nilikuwa nimeitikia shikamoo ya mtoto. Kidole changu kilikaa hewani mpaka mkono ukauma. Nimegombana na mabosi maisha yangu yote, na siku zote nilimjua adui yuko upande gani wa meza. Siku ile upande wa pili wa meza hakukuwa na mtu. Mbelwa alikuwa ametoka nje kwa adabu ili asinitazame.

Nikaondoka. Sikuweka.

*

Mwajabu alikuwa amehamishiwa kitandani, mito mitatu mgongoni. Aliponiona usoni alijua kabla sijakaa.

"Hukuweka."

"Sikuweka. Kuna mjukuu wa Kibwana..."

"Usinieleze." Akageukia ukutani. Mabega yake yalipanda na kushuka, hewa ilikuwa inamjia kwa taabu. "Kwa kesi ya kuku mliuza ng'ombe. Kwa kesi yangu umeshindwa kuuza hata jogoo."

Utani ulikuwa uleule lakini haukuwa na kicheko ndani yake, ukanichoma. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyewaonya ukumbini. Nilitaka kumwambia ni yeye aliyeunyanyua mkono. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa kumwambia mtu anayekufa.

"Nisamehe, shoga yangu," nikasema.

Kisha, bado ameangalia ukuta, akanyoosha mkono nyuma akitafuta wangu. Nikampa. "Yule mtoto anaitwa nani?" akauliza.

"Sikumuuliza."

"Mpare wee. Hata jina umelibania." Akaubana mkono wangu kama alivyoubana siku ile ya mkutano. "Kamuulize."

Alifariki Ijumaa asubuhi, dada yake akiwa anamkandia miguu.

*

Tulimpeleka Mlalo. Gari lilipanda zile kona huku watu wanasoma dua, na ukungu ulikuwa umekalia migomba. Mama yake alikuwa mkekani, mdogo kama mtoto, hasemi chochote. Wote wa Liwazo walikuja. Mzee Kibwana alifika na fimbo. Walipoutoa mwili ndani, mimi nikasimama mlangoni, maana mtani ana kazi yake msibani, nikawazuia wabebaji. "Haendi mtu hapa! Huyu Msambaa ana sufuria yangu! Arudishe kwanza!" Wanawake wakacheka huku wanalia, mama yake naye akacheka kidogo, wakanitupia shilingi kadhaa nikawapisha. Nilikuwa nimeahidi sitalia. Nililia mpaka nikashikwa.

Baada ya matanga nikarudi Tanga. Nilikuwa jikoni, mchana, nachemsha maharage, simu ikaita. Kioo kikaonyesha jina la kampuni. Nilidhani ni Mbelwa.

"Karibu mpenzi," ikasema sauti. "Niko hapa."

Mwiko ukanidondoka.

"Liwazo imepata habari kwamba umefiwa na mfanyakazi mwenzako," kivuli kikaendelea, na hata maneno yale ya kiofisi yalipita katika koo lake yakawa na joto. "Kampuni imekupa mazungumzo haya bure. Pole sana, Nakijwa."

Pole hujibiwa. Mdomo ukajibu wenyewe, kama ulivyofundishwa tangu utotoni. "Nimeshapoa."

Kikanyamaza. Nilikijua kimya kile, kirefu, chenye pumzi moja katikati. Maharage yalikuwa yanachemka. Nikasimama nimeshika simu kwa mikono miwili, na kimya kikaisha palepale kilipotakiwa kuisha.

"Uongo huo, Mpare wee," ikasema sauti ya Mwajabu. "Pole ya bure hiyo. Chukua mbili."

Nilijua ninachotakiwa kufanya. Mtu akikaa kwenye laini, kivuli kinajifunza. Kila neno langu lingekinoa zaidi, kila kilio changu kingekifundisha namna ya kumliza mwingine, na kampuni ingeandika kwamba nafasi ya Mwajabu Shekilindi bado ina kazi nyingi. Alichoniomba ni kimoja tu, anyamaze. Kidole changu kilikuwa juu ya alama nyekundu ya kukata, na safari hii hakukuwa na mtoto wa mtu yeyote katikati.

"Bado upo?" kikauliza. "Unataka uniambie, au tukae tu?"

Nikapunguza moto wa maharage. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaanza kumsimulia msiba wake: nani alikuja, nani alilia, na jinsi mama yake alivyocheka.